Misuko Mitatu

Tabia alikuwa anasuka fagio la kudekia. Usicheke. Mtu akikosa kichwa cha kujizoezea atafanyaje? Alilifunga kwa kamba kwenye mgongo wa kiti cha jikoni, nyuzi zikining'inia mpaka kwenye kikalio, na tangu alipotoka kusali Magharibi alikuwa analichana, analigawa, analisuka mistari ya kwenda nyuma. Mumewe, Yasini, alikaa kiti cha pili akila ugali na maharage, na kila akiinua macho anakutana na yule mgeni asiye na uso.

"Eish, mke wangu," akasema, "mgeuze huyo angalau aangalie ukuta."

"Mwache. Kesho nikishinda ndipo atakapolala stoo."

Kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Pale Braamfontein, mjini Joburg, palikuwa na chuo kinachowapima wanajeshi, wastaafu wa jeshi na wake zao. Kama kazi ya saluni unayo mikononi, hawakurudishi darasani miaka miwili. Wanakupima siku moja, kwenye kichwa cha mtu hai, ukifaulu wanakupa leseni. Mke wa mstaafu halipi kitu. Lakini nafasi ni moja tu. Ukianguka umeanguka, jipange na watu wengine, lipa ada, usome. Na bila leseni, mwisho wa mwezi Tabia hana kazi, maana wakala wa lile jengo la Kensington ambamo Jocelyne, mama wa Kikongo, alimkodishia kiti saluni kwake alishasema: msusi asiye na cheti atoke.

Hata kufika kwenye mtihani palikuwa na kazi. Yasini alitumikia jeshi la Afrika Kusini, akaenda Kongo na kofia ya buluu ya walinda amani, akarudi na goti bovu na maneno machache. Kwao ni Durban, kwa wale wanaoitwa Wazanzibari ingawa Zanzibar yenyewe hawajaiona. Kiswahili alikiokota Goma, kikanyooshwa na Tabia wa Tanga. Walipokwenda kujiandikisha, karani, binti mdogo mwenye kucha ndefu, alimtazama Tabia juu mpaka chini akamwuliza, "Ulimpenda kabla ya kukiona kitambulisho chake au baada?" Wenzake wakacheka. Tabia naye akacheka, kwa sababu alikuwa anautaka mhuri. Kile kicheko kilimuuma kuliko swali.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Bi Saida, mama wa Zanzibar yenyewe anayemwagia Tabia maji wanapoosha maiti wa kike. Kazi hiyo Tabia aliianza kwa huruma tu: mwenzao mmoja alifia hapa Joburg, wakakosekana wa kumwosha, akajitokeza. Tangu siku hiyo akawa yeye.

"Tabia mwanangu, tuna maiti."

Tabia akaliacha chanuo kwenye nyuzi za fagio.

"Mwanamke. Kaanguka ghafla huko Alexandra. Alikuwa akiuza vitumbua karibu na kituo cha teksi, na kusali akisali msikiti wa pale pale. Polisi washamwachia. Hana mtu, hana karatasi. Kesho asubuhi tumwoshe, azikwe."

"Bi Saida, kesho nina mtihani."

"Basi twende sasa hivi. Nije?"

Hapo ndipo Tabia alipoiangalia mikono yake. Tangu maneno yaenee kwamba anaosha maiti, wateja walikuwa wanampukutikia. Apondi, dada wa Kikenya wa benki, mteja wake wa miaka, juzi alitoa tishu akajifuta shingo pale pale Tabia alipomgusa, halafu akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko tishu. Jocelyne hakuzunguka: "Ma chère, miye nakupenda sana, lakini mukono ya kuosha maiti haiwezi ikagusa client yangu. Chagua: ao wale, ao hawa." Na Tabia mwenyewe alikuwa na lake ambalo hakumwambia mtu. Mara ya mwisho alipotoka kuosha, ubaridi ulimkaa vidoleni. Akaosha vyombo kwa maji ya moto, ubaridi ukabaki. Akajiapia kwamba hatogusa maiti mpaka leseni iwe mkononi.

"Tafuta mwengine, Bi Saida."

"Mwengine nani, mwanangu? Mikono yangu unaijua, haikunjiki. Wale akina mama wa msikiti wa mjini wana maiti zao, wamesema mpaka kesho kutwa."

"Basi na angojee!" Tabia akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mbona kila siku mimi? Na angojee!"

Akakata. Hata jina la marehemu hakuuliza.

Yasini alikuwa amekwisha acha kula. Aliisogeza sahani, akaling'ang'ania goti lake kwa mikono miwili kama afanyavyo likimuuma.

"Kule Kongo, Sake, tulimwacha mwenzetu mmoja mtoni," akasema. "Sajini alisema, atangoja, tutamfuata kesho."

"Mkamfuata?"

Yasini alinyanyuka, akaosha sahani yake mwenyewe, akaenda kulala na taa akaiacha inawaka. Tabia alibaki na fagio lake. Alilimaliza mistari yote, akaikagua, imenyooka kama ya kitambaa cha dukani, akazima taa.

Alfajiri alipoingia jikoni kuchukua maji ya udhu, fagio lilikuwa limesukwa misuko mitatu.

Mitatu mizito. Mmoja wa utosini, miwili ya pembeni, yote imelazwa nyuma ya kiti. Sakafu chini yake imelowa. Tabia alisimama na kopo mkononi, hakusogea. Maana huo si mtindo wa saluni. Hivyo ndivyo anavyosukwa mwanamke aliyekwisha oshwa, misuko mitatu, nyuma, kisha sanda.

"Yasini! Wewe ndiye uliyechezea hili fagio?"

"Mimi?" sauti ikatoka chumbani, ya usingizi. "Mimi najua kusuka?"

Akajiambia ni yeye mwenyewe, uchovu, mikono imezoea. Akaifumua mmoja baada ya mwingine haraka haraka, na nyuzi zilikuwa baridi, wallahi, kama zimetolewa kwenye friji. Akalisukuma fagio nyuma ya mlango, akaenda kusali, na katika sala alisahau rakaa.

*

Balaa haliji peke yake. Kila mtahiniwa alitakiwa aje na kichwa chake, yaani mtu wa kusukwa, na aliyeahidi kuja, kabla ya ile tishu, ni Apondi. Saa moja asubuhi ukaja ujumbe wa sauti: samahani mami, nimeitwa kazini, siku nyingine. Sauti yenyewe ilikuwa nyororo, ya mtu aliyejizoeza kusema uongo mbele ya kioo. Tabia akampigia Jocelyne, akamwomba, akambembeleza, karibu alie. Jocelyne akahema.

"Nitakutumia Falonne, mutoto ya dada yangu. Ametoka Bukavu juzi tu, hajue kitu juu yako. Usimwambie!"

Falonne alikuja mbio, msichana wa kucheka cheka, nywele zake mwenyewe nyingi na nyeusi, hajatia dawa hata siku moja. Yasini alivaa koti lake la zamani na bereti, kwa sababu mume alitakiwa awepo atie sahihi, kisha wakamwambia akae kwenye benchi la korido.

Chumba cha mtihani kilikuwa na vioo ukuta mzima, masinki meupe yamepangwa, viti vya kulaza. Kulikuwa na koplo mstaafu mwenye tumbo anayejaribiwa kunyoa ndevu, na askari wawili wa kike wanaopimwa kazi ya kucha na uso. Mtahini aliitwa Mama Ntombela. Naye alikuwa wa jeshi zamani, viatu vyake viking'aa, na kila alichosema alikisema mara moja.

"Osha, kausha, suka mistari ya kwenda nyuma. Saa mbili. Hakuna kusaidiwa."

Tabia nusura acheke kwa furaha. Mistari ya kwenda nyuma! Kwao Tanga mtindo huo unaitwa twende kilioni, husukwa haraka haraka mtu akiitwa msibani, na mtoto wa madrasa anaujua. Alhamdulillahi, akasema moyoni, leseni hiyo.

Akamlaza Falonne kwenye sinki, akafungua maji. Maji yalitoka na mvuke, Falonne akasema, "Aah, vizuri, mama," lakini vidoleni mwa Tabia yalikuwa baridi. Akaongeza moto. Baridi. Akaanza kuosha, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Falonne alikuwa anaeleza habari za basi na mpaka na afisa aliyemchukulia mkate wake, na Tabia alikuwa anaitikia, ehe, ehe. Kisha akaacha kuitikia. Sauti ya mashine ya koplo ikawa mbali. Redio ya mtaani ikawa mbali. Falonne naye akanyamaza. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Mara ya tatu.

Kichwa kilikuwa kizito sana, hilo alilikumbuka baadaye. Alikiinua kwa kiganja nyuma ya shingo, taratibu, kama unavyomwinua mtu asiyeweza kujisaidia. Alivuta shuka la plastiki akamfunika vizuri, akalikunja pembeni, asionekane mwili. Kuna mtu alikuwa ananong'ona karibu yake dua ya mwosha maiti: "Ghufranaka ya Rahmani, ghufranaka ya Rahmani." Akataka kumwambia anyamaze, hapa ni mtihanini. Wala hakugeuka kumtazama, maana mikono ilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri, mikono haijapata kwenda vizuri namna hiyo.

"Mama. Mama! Mama, unanisikia?"

Mama Ntombela alikuwa amesimama mbele yake anapiga makofi. Mashine ya koplo ilikuwa kimya. Wote walikuwa wanamtazama, na wale askari wawili walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani. Aliyekuwa ananong'ona ni yeye Tabia. Midomo yake ilikuwa bado inacheza.

Akaangalia chini. Nywele za Falonne zilikuwa misuko mitatu, imelazwa nyuma. Shuka limemfunika mpaka kifuani, mikono imenyooshwa ubavuni. Na taulo dogo la shingoni lilikuwa limepitishwa chini ya kidevu, limefungwa utosini, ili mdomo usibaki wazi.

Falonne hakufumbua macho.

"Falonne!" Tabia akampiga mashavu. Mashavu yalikuwa baridi. "Falonne, mwanangu, amka! Yallah, amka!"

Koplo akasema kitu kwa Kizulu, akavua bereti yake. Mama Ntombela akaweka vidole shingoni mwa msichana, akatafuta, akatafuta tena. Tabia akapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, na wakati huo leseni haikuwepo tena akilini mwake wala saluni wala Jocelyne, palikuwa na yule mtoto wa watu tu.

Ndipo Falonne akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa mtoni. Akajishika kidevu, akalivuta lile taulo, akaanza kulia.

"Niliona niko nalala juu ya meza ya chuma. Baridi, mama, baridi mingi! Na bibi mumoja alisimama pembeni, nywele yake timtim, ananiambia: toka hapa, ni pangu. Anasema: mimi ndo niliambiwa ningojee."

Neno lile Tabia alilisema jikoni kwake, mbele ya Yasini na fagio, na Bi Saida upande wa pili wa simu. Falonne wakati huo alikuwa mtaa wa Bertrams, nyumbani kwa Jocelyne, anakaanga mihogo.

*

Mama Ntombela aliigeuza ile misuko, akaichunguza mmoja mmoja, mizizi mpaka ncha.

"Kazi hii ni safi," akasema. "Sijaona safi kama hii. Lakini mimi sikuiomba hii."

"Nipe nusu saa, Mama. Nafumua, nasuka mistari. Nusu saa tu."

"Muda umekwisha."

Tabia akatazama saa ya ukutani. Saa mbili zilikuwa zimekwenda na dakika juu. Yeye alidhani ni robo saa.

"Mume wangu ametumikia nchi hii, Mama. Goti lake..."

"Najua. Nafasi ya mke wa askari ni moja, na unajua hivyo." Akaandika alama yake, akaifunga kalamu. Halafu akainama karibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mwanamke mwenzake. "Umefiwa na nani?"

"Simjui," Tabia akajibu. "Hata jina simjui."

Korido ilikuwa ndefu. Yule karani wa kucha ndefu alikuwa mlangoni, akamwona usoni, akauliza, "Vipi, umeshindwa?" kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima, akaenda zake. Tabia aliketi kando ya Yasini akalia wazi wazi, kamasi na machozi, hakujali nani anamwona.

"Nimeanguka. Jina lako lote la jeshi nimelitupa kwenye sinki la maji."

"Jina langu lina kazi gani nyingine?" Yasini akasema. Akamfuta kwa kitambaa chake, akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akauliza, "Yule mwanamke?"

Tabia akapiga simu. Iliita kidogo tu.

"Bado yupo," Bi Saida akasema. "Nimekaa naye hapa mlangoni tangu asubuhi, namsomea. Kumwacha peke yake siwezi."

*

Chumba cha kuoshea kilikuwa nyuma ya msikiti wa Alexandra, chumba kimoja kisicho na dirisha, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga ya Bi Saida. Alipomwona Tabia alifungua mdomo amkemee, akaona macho yalivyovimba, akaufumba. Yasini alibaki nje kwenye benchi pamoja na wanaume wachache wa msikitini waliokuwa wanangoja jeneza.

"Na hiyo leseni?"

"Nimeikosa, Bi Saida."

"Sasa mtakula nini, mwanangu?"

"Sijui."

Bi Saida akafungua, wakaingia, wakasema bismillahi. Marehemu alikuwa juu ya meza ya chuma chini ya shuka jeupe. Tabia akalifunua upande wa uso. Alikuwa mwanamke wa umri wake, pengine mdogo kidogo, na kwenye vifundo vya mikono ana alama ndogo ndogo za kuungua mafuta.

Bi Saida akaangusha kata ya maji, ikagonga sakafu, ikaviringika.

Nywele za marehemu zilikuwa zimesukwa. Misuko mitatu, mbichi, inachuruzika maji, imelazwa nyuma.

"Nani kaingia humu? Tabia, nani kaingia? Ufunguo ninao mimi! Asubuhi nilipomfunika nywele zake zilikuwa timtim, kwa haya macho yangu!"

Tabia alisogea. Alishika ncha ya msuko mmoja, akaigeuza. Msuko ulikuwa umemalizwa kwa kukunjwa ncha ndani mara mbili, alivyofundishwa na mama yake Tanga, wala katika mji huu mzima hajamwona mtu mwingine akimaliza hivyo. Aliogopa. Nisikudanganye kwamba alikuwa jasiri. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yake. Lakini kilichomshika zaidi ya hofu kilikuwa aibu. Mtu hana ndugu wala jina, alichobakisha duniani ni kuoshwa tu, na hicho nacho kaambiwa angoje.

"Ni mkono wangu," akasema.

"Wako vipi nawe ulikuwa Braamfontein?"

"Ni wangu, Bi Saida. Usiniulize." Akaweka kiganja kwenye paji la uso la yule mwanamke. "Dada, nisamehe. Nilisema neno baya, na wewe ulilisikia."

Balbu ililia zii juu yao. Kisha Tabia akakunja mikono ya gauni, akaanza kuifumua ile misuko, wa utosini kwanza.

"Unafumua tena?" Bi Saida akanong'ona. "Si kashasukwa?"

"Kasukwa, hakuoshwa. Nataka nimfanyie mwenyewe, nikiwa macho. Niokotee kata. Mimina."

Bi Saida akamimina. Tabia akaosha kulia, akaosha kushoto, taratibu, na safari hii alimsemesha marehemu muda wote kwa sauti ndogo: sasa nakugeuza, dada, sasa nakuinua, haya maji ya karafuu maiti, vumilia. Ubaridi ulikuwa ule ule, ukapanda mpaka viwikoni, naye akauacha upande. Mwisho akamsuka upya, mitatu, akailaza nyuma, wakamvisha sanda, wakafunga.

Wanaume wakagonga. Jeneza likaingia, likatoka. Pale mlangoni kijana wa msikiti, kofia kichwani na sepetu mkononi, akawatazama waliokuwepo mmoja mmoja.

"Huyu ni mwanamke. Anatakiwa mtu wake wa kushuka naye kaburini. Yupo mtu wake?"

Mmoja akakohoa. Mwingine akasema wanasema hana, alikuwa muuza vitumbua tu, hata kwao hakujulikani, basi ashuke yeyote twende, jua linakwenda.

Yasini alinyanyuka kwenye benchi. Kwa lile goti ilimchukua muda, akashika ukuta, akajinyoosha, akaivua bereti akaitia mfukoni.

"Nipo mimi."

Kijana akamtazama, akamtazama na mguu wake. "Wewe ni nani wake, baba?"

Yasini akageuka akamwona Tabia mlangoni, mikono bado inatona maji.

"Ni wetu," akasema. "Tulichelewa tu kumfuata."